Fulana ya Mtu Mnene

Mkumbi, 5 Mei 2024

Shangazi Mektilda,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Mbamba Bay, na lile goti limekuachia ulale. Sisi huku hatujambo. Kahawa ya upande wa bondeni imeanza kuwa nyekundu. Ng'ombe wa jirani aliingia kwenye ngolo zetu, yale mashimo ya kilimo pale mteremkoni, akabomoa matuta ya maharage, tukagombana, tukasameheana. Emiliana anakusalimu.

Nimeandika kwa sababu simu imeharibika. Barua nampa Sadiki, kondakta wa Coaster, atakuletea mpaka kibandani kwako.

Shida yangu ni baridi. Bado nachukua mikate Mbinga na kuileta huku na Namswea kwa baiskeli, na mwaka huu baridi imewahi. Nikipanda mlima natoka jasho mpaka mgongo unalowa, nikianza kushuka upepo unaligeuza lile jasho kuwa barafu. Nimejaribu kuvaa fulana mbili za pamba, sweta na koti. Pamba ikishalowa ndiyo basi, inakuganda mwilini mpaka nyumbani. Na wewe unakumbuka baba alivyoondoka, kichomi kilianzia kwenye jasho hilohilo na mteremko huohuo.

Mansuetus, fundi baiskeli wa Mbinga, anasema watu wa nchi za baridi wanaoendesha baiskeli wakati wa theluji huvaa fulana ya sufu chini kabisa, ikigusa ngozi. Nyembamba, yenye mikono mirefu, inayobana mwili. Wewe unauza mitumba, naomba unichagulie moja. Iwe ndefu mgongoni, maana nikiinama kwenye usukani kiuno kinabaki wazi.

Naomba fulana tu, Shangazi. Usijisumbue kuweka kitu kingine kwenye kifurushi.

Mwanao,
Erasmo


Mbamba Bay, 19 Mei 2024

Erasmo mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanitangulia kuamka. Hapa hatujambo, upepo wa mwera umeanza kuvuma, ziwa limechafuka na usipa, dagaa wetu, umepanda bei. Halima wa duka la jirani amefungua belo jipya na ameapa ni gredi ya kwanza. Huapa hivyo kila mara.

Kwanza nikuulize. Simu yako imeharibika vipi? Nilikupigia Jumapili ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena jioni, ikaita. Simu iliyoharibika haiiti, mwanangu. Hata mimi ambaye sikusoma mambo ya simu nalijua hilo.

Halafu umeandika "Emiliana anakusalimu", basi. Zamani barua zako zilikuwa na mstari wake chini kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa anaandika uchokozi tu. Mkono wake umekwenda wapi?

Nguo nimepata. Unajua nilivyochekwa? Hapa tunalala madirisha wazi, mimi nazunguka nauliza fulana ya sufu. Halima aliniuliza kama nimeanza kuona baridi ya uzee. Nimekuchagulia nyekundu, nene, ina manyoya ndani kama paka. Ukiivaa hiyo hata barafu itakuomba radhi.

Nimeweka na usipa mkavu kwa ajili ya Emiliana. Umesema nisiweke kitu. Tangu lini mtoto wa kaka yangu akanipangia cha kutuma?

Shangazi yako,
Mektilda


Mkumbi, 2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa kifurushi. Tunaendelea vizuri, uchumaji wa kahawa umeshika kasi, vichanja vimejaa. Simu inaita lakini sauti haisikiki, ndiyo maana sipokei.

Ile nyekundu si sufu. Niliivaa siku moja tu. Jasho lilibaki ndani kama nimejifunga mfuko wa nailoni, na nilipofika Namswea mwenye duka alisogea pembeni kwa harufu. Mansuetus alinifundisha kuipima: unachomoa uzi mmoja kwenye pindo, unauchoma kwa kiberiti. Wa plastiki unayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Wa sufu unanuka nywele zilizoungua, na ukiusaga kwa vidole unakuwa majivu. Wangu umekuwa kishanga.

Kwa hiyo, ukipata nafasi, usitazame unene. Unene unadanganya. Shika kitambaa uone kama ni chepesi na kinavutika kikarudi. Kisugue shingoni, kama kinawasha kiache, kuna sufu ya kondoo wa aina fulani ambayo haiwashi kabisa, na hiyo ndiyo wanayovaa. Mansuetus anasema hata ikilowa haipoi.

Usipa haukufika. Labda Sadiki alisahau kuushusha.

Erasmo


Mbamba Bay, 16 Juni 2024

Erasmo,

Marahaba. Hatujambo. Kanisani tumebatiza watoto wengi Jumapili, nimerudi nyumbani na kichwa kimejaa kelele.

Sadiki nimemkamata hapahapa stendi, mbele ya abiria wake. Anaapa kwa dini yake kwamba usipa aliutoa, na aliyeupokea ni mama mmoja mrefu mwenye kilemba cheusi. Huyo ni mkwe wako Hildegardi, hakuna mwingine. Sasa nauliza maswali mawili. Mkwe wako anafanya nini kwako tangu mwezi wa tano? Na usipa wangu aliula peke yake na miba yake?

Fulana nimepata ya kweli. Halima aliitupa kwenye rundo la wanawake kwa vile ni nyembamba kama pazia, yaani mtu asiyejua angeifanya dekio. Tulichomoa uzi tukauchoma, duka zima likanuka kama saluni iliyoungua. Lebo yake inasema Merino, na Halima anasema ndiyo hao kondoo wako wasiowasha. Rangi ya majivu, mgongo mrefu. Nimeisugua shingoni, nimeisugua shavuni, haiwashi. Ilikuwa na tundu dogo mkononi karibu na kiwiko, nimelishona mwenyewe kwa uzi mweusi, usiku nikiwa na miwani miwili. Ifue kwa maji baridi, usiisugue kwenye jiwe kama tunavyofua sisi hapa ziwani, itasinyaa imtoshe mwanasesere.

Sasa sikia. Tangu tulipomzika yule mtoto wenu wa pili hamjakanyaga kwangu, wala mimi sijaitwa. Mwaka wa kwanza nikasema ni majonzi. Sasa unanidanganya kuhusu simu, unanidanganya kuhusu usipa. Kuna kitu. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Shangazi yako


Mkumbi, 30 Juni 2024

Shangazi Mektilda,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama mkwe alikuja kutusaidia kuchuma kahawa, ndiyo maana yupo.

Ile methali ya mwisho naomba usiniandikie tena.

Fulana ni yenyewe. Nimeivaa kila asubuhi na sijaona kitu kama hicho. Napanda mlima, jasho linatoka, nafika juu nahisi unyevu kidogo tu, nashuka na upepo hauniingii. Na hainuki. Naianika usiku, asubuhi iko kama haikuvaliwa. Nimevaa koti jepesi tu juu yake, wenzangu wa njiani wanadhani nimelewa.

Ninaomba moja nyingine ya namna hiyo, ila hii iwe kubwa. Ya mtu mnene, hasa kifuani na tumboni, iwe inavutika sana kwa mbele. Kama itapatikana upesi nitashukuru, kabla Julai haijapamba moto.

Tafadhali usishone chochote. Hata ikiwa na tundu, iache hivyohivyo.

Erasmo


Mbamba Bay, 7 Julai 2024

Erasmo,

Sina salamu nyingi leo.

Wewe ni mwembamba tangu tumboni mwa mama yako. Emiliana ni mwembamba kukuzidi. Mama mkwe wako ni mrefu lakini mnene si yeye. Sasa huyo mnene ni nani?

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Mtu mwembamba anayetaka nguo ya mtu mnene ana kitu cha kuweka katikati. Na huu ni msimu wa kahawa. Abiria wanaoshuka kutoka huko wanatuambia watu wanalia, kahawa inachotwa vichanjani wenye mali wakiwa wamelala. Na wewe unapita barabarani alfajiri, watu wakiwa ndani, una baiskeli na kreti ambalo hakuna anayelifungua kwa sababu ni la mikate. Kama si kahawa, basi una mwanamke mwingine, mnene, na Emiliana amelijua, ndiyo maana mkono wake hauonekani na mama yake amehamia kwako kulinda.

Chagua moja. Ukinieleza ukweli, nitatafuta fulana hata kama ni mpaka Songea. Usiponieleza, hakuna nguo. Kaka yangu hakuniachia mwizi.

Shangazi yako


Mkumbi, 14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Sijawahi kuchukua hata punje ya kahawa ya mtu. Mwanamke nina mmoja.

Kama fulana yako inanigeuza kuwa mwizi, irudi kwako. Nimeivua sasa hivi na kuifunga, Sadiki yuko barabarani ananipigia honi. Niliishi kabla yake na nitaishi bila yake.

Erasmo


Mbamba Bay, 15 Julai 2024

Erasmo mwanangu,

Sadiki anageuza gari, nimemwambia asipokuchukulia hii sitamsalimia tena maisha yangu. Kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama.

Uliituma kwa hasira, hukuitazama. Mimi nimeitazama, ndiyo kazi yangu, kutazama nguo walizovaa watu. Fulana imetanuka mbele. Haikutanuka kwa tumbo. Imetanuka juu, katikati ya kifua, mviringo mdogo unaoenea kwenye viganja vyangu viwili. Na kwa ndani, chini ya shingo, ina alama nyeupe iliyokauka. Nikainusa. Ni maziwa ya mama, yaliyocheuliwa.

Halafu nikatazama mkononi. Uzi wangu mweusi umefumuliwa. Mmoja mmoja, kwa uangalifu, na tundu liko wazi.

Basi nikajua vyote kwa pamoja, kwamba kuna mtoto, na kwamba mnaniogopa.

Nimelia. Usidhani ni kwa furaha, mwanzo nililia kwa hasira. Yule wa kwanza nilimtumia kofia na vitambaa kabla hajazaliwa, hakukaa. Wa pili vilevile. Najua wazee wanasema nguo haimtangulii mtoto. Mimi ni muuza nguo, nikiona kofia ndogo kwenye belo mkono wangu hauwezi kuiacha. Na najua nini kilisemwa kwenye matanga ya yule wa pili, nilikuwa jikoni, dirisha lilikuwa wazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sauti niliijua ni ya nani. Sikusema kitu kwa sababu nilingoja wewe useme, Erasmo. Ulikuwa umekaa palepale. Hukusema.

Sasa huu si wakati wa kugombana, ni Julai. Mtoto anayebebwa kifuani namna hiyo ni njiti, na njiti anataka joto. Narudisha fulana yako na nyingine kubwa, ya sufu ileile, ya mtu mnene kweli. Kubwa sijaigusa. Halima ameichagua mwenyewe, Halima amechoma uzi, Halima ameikunja na kuifunga. Mimi nilisimama mlangoni mikono nyuma. Ile yako nimeishika, maana mliituma mikononi mwangu. Mkitaka itieni maji ya baraka, ila yawe baridi, msiichemshe.

Sijaweka usipa. Sijaweka kitu. Barua hii nimeiandika mimi, kama mkwe wako ana wasiwasi isomee nje.

Mektilda


Mbamba Bay, 4 Agosti 2024

Erasmo,

Sadiki amepita mara nyingi hana barua. Nikimuuliza anasema mikate ya Mkumbi siku hizi inaletwa na mtu mwingine. Simulizi wala sitaki. Nataka neno moja, yupo au hayupo.

Mektilda


Mkumbi, 18 Agosti 2024

Shangazi yangu Mektilda,

Shikamoo. Yupo.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ulivyongoja. Sasa nikueleze, na sitaficha.

Ni mtoto wa kike. Alizaliwa mwisho wa Aprili, kabla ya siku zake, mdogo hata nilidhani wanatudanganya kwamba ni mtu. Nilipokuandikia barua ya kwanza Emiliana alikuwa wodini Mbinga, nami nilikuwa nabeba mikate asubuhi na kurudi kumwona jioni. Simu haikuharibika. Nisingeweza kukusikia sauti nikakudanganya, ndiyo maana nikaiacha iite. Usipa mama mkwe aliufukia nyuma ya banda la kuku.

Juni waliporuhusiwa, nesi alituonyesha mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, nguo moja iwafunike wote wawili. Siku za kumpima uzito Emiliana anakaa kwenye keria mahali pa mikate, kidonda cha operesheni bado kinamsumbua, na mtoto namweka mimi mbele. Mwendesha baiskeli anawaka kama jiko, Shangazi, hakuna mahali pa joto zaidi ya hapo. Shida ilikuwa jasho. Pamba ingelowa na kumganda naye. Ile sufu haikumpoza hata siku moja. Milimani nashuka nasukuma, kwenye tambarare naendesha polepole, kichwa chake kiko chini ya kidevu changu. Ndicho nilichokuwa naweka katikati.

Nilikurudishia fulana kwa hasira bila kumwambia Emiliana. Usiku ule kulitanda ukungu mpaka ndani. Tulimfunga kanga na sweta, nikamweka kifuani juu ya pamba, na asubuhi alikuwa baridi mikononi na miguuni, amegoma kunyonya. Tukakimbilia hospitali. Kifurushi chako kilifika nyumbani sisi tukiwa wodini, mama mkwe akakiweka nje juu ya kuni. Nilikikuta nilipokuja kuchukua unga.

Nilisoma barua yako palepale nje, kama ulivyosema. Kisha nikaenda nayo wodini nikampa Emiliana. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye matanga?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nilikuwa nimekaa," akasema. Mama yake alikuwa amekuja na chupa ya maji ya baraka, akataka kunyunyiza ile fulana kubwa kwanza. Emiliana akaivaa ikiwa kavu, mbele yake, akamtia mtoto ndani.

Hatukutoka hospitali mpaka juzi. Mtoto ananyonya kwa pupa, nesi anamwita jambazi. Mama mkwe amerudi kwake, hajafurahi, atazoea. Mikate nimeanza tena jana.

Nilikunyamazia kwenye matanga kwa sababu niliogopa, na nikaendelea kunyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi. Hakuna methali ya kulifunika hilo. Jina bado hatujampa, tunakusubiri. Uje na usipa, ukaange wewe mwenyewe.

Mwanao,
Erasmo

Shangazi shikamoo, ni mimi Emiliana. Mkono wangu upo, ulikuwa umeshika mtoto. Uzi wako wa lile tundu la kwenye fulana ya Erasmo mama aliufumua nami nikamtazama tu. Tundu bado liko wazi na Agosti haijaisha. Njoo na sindano yako. Miwani leta yote miwili.